Ukuta uliofukiwa ardhini hukaguliwaje? Kazi ya ramani pale jicho lisipofika

Kila bwawa linapovuja, au jengo linapotitia kando ya machimbo ya reli ya chini ya ardhi, maswali ya watu huwa ni yale yale: zege lilikuwa dhaifu? Saruji ilipunjwa? Nondo ziliibwa? Na siku hizi taarifa za miradi mikubwa zimeongeza maelezo mengine, kwamba ukuta wa chini ya ardhi "umedhibitiwa ubora kwa teknolojia ya ramani". Wapo wanaodhani hiyo ni picha ya setilaiti inayopenya udongo. Wapo wanaoyaona kuwa maneno ya kupamba ripoti. Wote wamekosea, na kosa lao lina uzito, maana kasoro ya hatari zaidi katika ukuta wa aina hii mara nyingi haimo ndani ya zege wala kwenye nondo. Imo kati ya kipande kimoja na jirani yake, mahali ambapo fomu ya ukaguzi ya kipande kimoja kimoja haifiki.

Tuanze na ukuta wenyewe. Ukuta wa chini ya ardhi hujengwa bila mtu kushuka shimoni. Mashine huchimba shimo la duara au mfereji mwembamba wenye kina cha mita kumi, hamsini, hata themanini na zaidi. Ili kingo zisiporomoke, shimo hujazwa uji wa bentonaiti, ambayo ni aina ya mfinyanzi unaovimba ukilowa maji, na uzito wa uji huo ndio unaozishikilia kingo. Uchimbaji ukifika mwisho, bomba refu hushushwa hadi chini na zege humiminwa kupitia humo. Kwa kuwa zege ni zito kuliko uji, hujaa kutoka chini na kuupandisha uji hadi juu, unakofyonzwa na kusafishwa. Zege likishika, kipande kimoja cha ukuta kimepatikana: kama ni cha mstatili huitwa paneli, kama ni cha duara huitwa nguzo.

Nguzo hazipangwi zikagusana tu. Huchimbwa kwanza zile za awamu ya kwanza, zikiachiana nafasi, kisha za awamu ya pili huchimbwa katikati yake huku zikikata ubavu wa zile za kwanza, ili zege la moja liumane na la nyingine. Kuta hizi huwekwa chini ya mabwawa kuzuia maji yasipenye kwenye msingi, huzunguka mashimo ya vituo vya treni na majengo marefu, na wakati mwingine huzingira ardhi yenye taka za sumu ili sumu isisambae.

Kudhibiti ubora ni kupima kazi, kulinganisha kipimo na kilichokubaliwa kwenye mkataba, na kusahihisha wakati kusahihisha bado kunawezekana. Watu wengi huishia kwenye mambo mawili ya kwanza. La tatu ndilo gumu hapa, kwa sababu zege likishashika mita sitini chini hakuna fundi atakayeshuka na kolego kuziba ufa.

Na ramani? Inayozungumzwa hapa ni mfumo wa taarifa za kijiografia, ambao wataalamu huuita GIS kwa kifupi. Ni kanzidata ambamo kila taarifa imefungwa na mahali pake: iko umbali gani mashariki, umbali gani kaskazini, kina gani, na ilichukuliwa saa ngapi. Taarifa za aina moja hukaa kwenye tabaka lake. Tabaka moja lina nguzo zenyewe, jingine aina za udongo na miamba, jingine ujazo wa zege, jingine vipimo vya wima, jingine kina cha maji ardhini. Matabaka hupandanishwa yakasomwa pamoja. Hakuna miujiza ndani yake, na mfumo huu hauoni chochote chini ya ardhi. Unachofanya ni kukusanya vilivyopimwa na wengine na kukiweka kila kitu karibu na jirani yake halisi.

Ujirani huo ndio kiini cha habari yote.

Nyoosha mkono wako na ubananishe vidole kwenye mashina, kisha uviachie kidogo tu. Kwenye mashina vimebanana, kwenye ncha vimeachana. Kila kidole ukikitazama peke yake kimenyooka vizuri, lakini maji uliyokinga yanapita. Ukuta wa nguzo hufanya vivyo hivyo. Juu, wanapoona watu wote, nguzo zimeshikana barabara. Chini, ambako maji yana shinikizo kubwa zaidi, huenda zimeachana, kwa sababu hakuna mashine inayochimba timazi kamili. Jiwe gumu upande mmoja na udongo laini upande mwingine hutosha kuusogeza ulimi wa mashine.

Tuweke namba. Chukua nguzo mbili zenye kipenyo cha sentimita 120, vitovu vyake vikiwa vimeachana sentimita 90. Zinapishana sentimita 30, na pale zinapoumana unene wa ukuta ni sentimita 79 hivi. Kina ni mita 50. Tuseme mkataba unaruhusu nguzo kwenda upogo kwa nusu asilimia ya kina, yaani sentimita 25 kwenye kitako. Nguzo ya kwanza imekwenda upogo kwa sentimita 20 kuelekea kulia. Imefaulu. Jirani yake imekwenda sentimita 20 kuelekea kushoto, ikimkimbia mwenzake. Nayo imefaulu. Fomu mbili zimetiwa saini, zote safi. Lakini vitovu vilivyokuwa vimeachana sentimita 90 sasa vimeachana sentimita 130, wakati nguzo zenyewe zina upana wa sentimita 120. Kuna pengo la sentimita 10 kwenye kitako. Na kama upogo ulianza juu ukaenda kwa mstari mmoja, pengo hilo lilianza kufunguka kwenye kina cha mita 37.5. Kuanzia hapo hadi chini ukuta una mlango, ingawa kila kipande chake kimepasi mtihani.

Sasa badilisha jambo moja tu, mwelekeo. Nguzo zile zile, sentimita 20 zile zile, ila moja imeelekea upande wa ziwa na nyingine upande wa pili, kukatisha mstari wa ukuta. Vitovu vinaachana sentimita 98 na nusu, na unene kwenye maungano unashuka kutoka sentimita 79 hadi karibu 69. Ukuta umepungua kidogo, haujafunguka. Na kama nguzo zote mbili zimelala kufuata mstari wa ukuta upande mmoja, kati yao hakuna hasara yoyote. Tatizo limehamia kwa jirani wa tatu. Ukubwa wa kosa ni ule ule mara zote tatu. Kilichotofautiana ni mahali na uelekeo, na hivyo havionekani kwenye safu ya namba zenye alama ya "imepita". Vinaonekana ukizichora nguzo zote pamoja, katika mkato wa mita 10, kisha wa mita 20, 30, 40, na kutazama miduara inavyokaribiana au kukimbiana kadiri unavyoshuka.

Vipimo vyenyewe hupatikanaje? Juu ya ardhi, mpimaji huweka alama kwa vyombo vyake vya kupimia pembe na umbali, pamoja na vipokezi maalumu vya setilaiti vinavyosahihishwa hadi sentimita chache au chini ya hapo. Hapa ndipo dhana ya simu inapotupotosha. Ramani ya simu inaweza kukosea kwa mita kadhaa na ikakufikisha uendako. Kwa ukuta wenye unene wa sentimita 80, kosa la mita moja lina maana kwamba umepima nje ya ukuta. Chini ya ardhi setilaiti hazifai kabisa, mawimbi yake hayapenyi. Huko hutumika vihisi vya mwinamo vilivyofungwa kwenye mashine yenyewe, vinavyoripoti muda wote wa kuchimba. Baada ya kuchimba hushushwa kifaa cha mawimbi ya sauti ndani ya uji. Kinapiga mlio kuelekea kuta za shimo na kupima muda wa mwangwi kurudi, kina baada ya kina, na kuchora umbo la shimo kabla zege halijamiminwa. Kabla zege halijamiminwa: hilo nalisisitiza, maana shimo lililopinda bado linaweza kuchongwa upya au kujazwa likachimbwa tena.

Mpangilio wa awamu mbili nao unampa mjenzi nafasi ambayo wengi hawaifikirii. Nguzo za awamu ya kwanza zikishajulikana zilikolala, nguzo ya katikati inaweza kusogezwa sentimita chache ili iwapate majirani wote wawili, au ikapangiwa kipenyo kikubwa zaidi. Na kama pengo limeshatokea, nguzo ya ziada huwekwa kwenye maungano hayo wakati mashine bado iko eneo la kazi. Yote haya yanategemea taarifa kuwa kwenye ramani jioni ile ile au kesho yake. Ramani iliyochorwa miezi sita baadaye kwa ajili ya ripoti ya kukabidhi mradi ni kumbukumbu nzuri, lakini haijadhibiti ubora wa kitu chochote.

Zege nalo lina habari zake. Nguzo ya kipenyo cha sentimita 120 inahitaji zege la mita za ujazo 1.13 kwa kila mita ya kina. Likitumika pungufu, kuna shaka kwamba kingo ziliporomoka na udongo umekaa pahali pa zege. Likizidi sana, watu hukimbilia kusema kuna wizi wa hesabu, au kinyume chake, kwamba ukuta umekuwa mnene na imara zaidi. Inawezekana zege limetorokea pangoni. Kwenye miamba ya chokaa, maji huiyeyusha miamba polepole na kuacha mapango na mifereji. Nguzo moja iliyomeza zege kupita kiasi kwenye mita ya 22 haikuambii mengi. Zikiwa nguzo nne zinazofuatana, kila moja imemeza kupita kiasi, ya kwanza kwenye mita ya 22 na ya mwisho kwenye mita ya 26, hapo unaanza kuliona pango lenyewe na linakoelekea. Ukipandanisha na tabaka la sehemu ambako uji wa bentonaiti ulishuka ghafla wakati wa kuchimba, shaka inapungua zaidi. Habari hiyo ilikuwepo siku zote, imetawanyika kwenye karatasi nne za mafundi wanne wa zamu tofauti.

Vipande vya zege vinavyopelekwa maabara kuvunjwa, ambavyo umma huviamini kuliko kitu kingine, havisemi lolote kuhusu haya. Vinajibu swali la nguvu za zege lililotoka kwenye gari. Zege bora kabisa likimwagwa mahali pasipo pake, ukuta una tundu.

Historia ina mifano. Bwawa la Wolf Creek katika jimbo la Kentucky, Marekani, lilikamilika mwaka 1951 juu ya miamba ya chokaa yenye mapango. Mwaka 1967 na 1968 maji ya matope yalianza kutokea upande wa chini wa bwawa na ardhi ikabonyea kuwa mashimo, dalili kwamba maji yalikuwa yakiula msingi. Ukuta wa zege ulijengwa ardhini kati ya 1975 na 1979. Haukufika mbali wala chini vya kutosha, na kadiri miaka ilivyopita maji yalitafuta njia ya kuuzunguka na kupita chini yake. Mwaka 2007 ziwa lililazimika kuteremshwa, na ukuta wa pili, mrefu na wenye kina zaidi, unaofika mita 84 hivi, ukakamilishwa mwaka 2013. Wahandisi wa ukuta wa pili walikuwa wakifanya kazi juu ya msingi ambao watangulizi wao walishautoboa na kuudunga saruji kwa miongo kadhaa. Katika kazi ya namna hiyo, kila shimo la zamani lililomeza saruji nyingi ni fununu ya pango, alimradi mahali pake panajulikana barabara.

Mfano wa pili unauma zaidi. Tarehe 3 Machi 2009, jengo la hifadhi ya nyaraka za kihistoria za jiji la Cologne, Ujerumani, liliporomoka kando ya machimbo ya reli mpya ya chini ya ardhi. Vijana wawili waliokuwa kwenye nyumba ya jirani walifariki, na nyaraka za zaidi ya miaka elfu moja zilifukiwa. Uchunguzi ulielekeza kwenye kasoro ya paneli moja ya ukuta wa ardhini. Wakati wa kuichimba, mashine ilikutana na jiwe kubwa ambalo halikuondolewa ipasavyo. Pahali palipotakiwa kujaa zege pakabaki udongo. Miaka ilipita, hadi shimo la ndani lilipofika kina kikubwa, maji na mchanga vikapenya kupitia hapo na kuichota ardhi iliyobeba jengo. Mwaka 2010 ilibainika pia kwamba baadhi ya kumbukumbu za vipimo vya kuta katika mradi huo zilikuwa zimeghushiwa.

Je, ramani ingezuia? Nitakuwa mwangalifu hapa. Ramani haioni jiwe ambalo hakuna aliyeliandika. Lakini jiwe huacha alama zake: mashine inakwama, mwendo wa kuchimba unashuka kwenye kina kile kile kwa saa kadhaa, meno yanavunjika, ujazo wa zege haulingani na hesabu. Vihisi vikirekodi hayo vyenyewe, pamoja na mahali na saa, paneli hiyo inatokeza kwa rangi tofauti na wenzake na inadai maelezo kabla ya kazi kuendelea. Kughushi nako kunakuwa kugumu. Hakuna mashimo mawili ardhini yanayopinda kwa namna moja mita kwa mita, hivyo mtu akinakili vipimo vya paneli ya jana akavibandika kwenye ya leo, mfumo unaolinganisha majirani utaonyesha mapacha wasiowezekana.

Hata hivyo ramani inaweza kudanganya, na hudanganya kwa upole sana, kwa mistari safi na rangi nzuri. Kosa ninaloliogopa kuliko mengine ni la uelekeo. Kifaa cha mawimbi ya sauti kikishushwa kikiwa kimegeuzwa, kulia kukawa kushoto, kila namba ndani yake ni sahihi na picha nzima ni uongo: nguzo zinazokimbiana zitachorwa zikikumbatiana. Kifaa kinaweza pia kujizungusha kwenye waya kikiwa kinashuka. Kosa la aina hiyo hiyo hutokea timu mbili zinapotumia alama za kuanzia zisizolingana, mmoja akipima kina kutoka usawa wa ardhi na mwenzake kutoka juu ya kingo za zege zinazoongoza mashine. Dawa yake ni kupima mara mbili kwa njia zisizotegemeana, vihisi vya mashine kwa upande mmoja na mwangwi kwa upande mwingine, na kuzilinganisha palepale. Zisipokubaliana, kazi inasimama hadi ijulikane iliyokosea ni ipi.

Uhakiki wa mwisho hufanywa kwa kuutoboa ukuta uliokwisha kushika na kutoa vijiti vya zege vya kukaguliwa kwa macho, kisha kujaza maji kwenye tundu na kupima yanavyopotea. Hata hapa mahali ndipo panapoamua. Tundu lenyewe nalo hupinda. Mtobozi akifika mita 60 na kijiti kikatoka na udongo, watu hushtuka kwamba ukuta ni mbovu, kumbe tundu limetoka ubavuni mwa ukuta. Au kinyume chake, hatari zaidi: udongo ulikuwa ndani ya ukuta kweli, msimamizi akajisemea kwamba tundu lilitoka nje, akasonga mbele. Ukipima njia ya tundu na kuichora ndani ya umbo halisi la nguzo, ubishi unakwisha. Na ramani hiyo hiyo ndiyo huonyesha pa kutoboa. Mazoea ya kutoboa kila baada ya mita kadhaa huacha bahati iamue. Ni afadhali matundu yaende moja kwa moja kwenye maungano yenye unene mdogo na kwenye nguzo zenye hesabu za zege zisizoeleweka.

Ukuta ukimalizika, taarifa hizi zinaanza kazi nyingine. Pande zote mbili huwekwa visima vyembamba vya kupima kina cha maji ardhini. Maji yakishuka upande wa chini na kubaki juu upande wa ziwa, ukuta unafanya kazi. Kisima kimoja kikianza kupanda polepole mwaka wa nane au wa ishirini, swali la kwanza la mhandisi ni: kisima hiki kinatazamana na maungano gani, na siku yanajengwa ilikuwaje? Mwenye kanzidata anajibiwa kwa dakika chache na anajua pa kuanza kutoboa. Asiye nayo anatafuta makabati.

Ndiyo maana mkataba wa ujenzi unapaswa kutaja mapema kwamba taarifa zote, ghafi na zilizochakatwa, ni mali ya mwenye mradi, zinakabidhiwa wakati kazi inaendelea, na ziko katika muundo unaoweza kufunguliwa bila programu ya mkandarasi mmoja. Mwandishi wa habari au mwananchi anayetaka kujua kama "teknolojia ya ramani" katika mradi fulani ni kweli au ni maneno anaweza kuuliza mambo matatu yasiyohitaji uhandisi. Je, unene wa ukuta kwenye kila maungano ulihesabiwa, au wima wa kila kipande ndio uliopimwa peke yake? Ilichukua muda gani tangu kipimo kufanyika hadi kuonekana kwenye ramani? Na ni nguzo zipi zilisogezwa, kurudiwa au kuongezwa kwa sababu ya kilichoonekana humo? Mradi wa mamia ya nguzo ambao hauna hata moja ya kutaja kwa swali la tatu unastahili kuulizwa zaidi.